Mama wa Ubatizo

Mtawa Efrosina hakuwa mtu wa kutembelea nyumba za watu. Tangu afiwe na mumewe na kuvaa nguo nyeusi za utawa, watu ndio waliomfuata yeye, na wengi walifika wakiwa tayari wanatetemeka. Kwa hiyo sleji yake, gari la kuteleza juu ya theluji, iliposimama mbele ya lango la Kabaila Tverdila, farasi wakitoa mvuke puani, nyumba nzima ilipigwa na butwaa. Mpishi alidondosha mwiko. Tverdila mwenyewe alitoka kichwa wazi katika baridi ile, akainama mpaka ndevu zikagusa theluji.

“Inuka, Tverdila, utaugua bure,” Efrosina alisema. “Nimekuja kumwona binti yako.”

Binti huyo, Milonega, alikuwa amesimama kando ya jiko la udongo, na aliposikia sauti ile alijua kwamba heri imetoka kwa mlango wa pili. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, umri ambao wenzake wengi mjini Berezhets walikuwa wanalea mtoto wa pili na kulalamika kuhusu mama wakwe zao. Yeye alikuwa hajaolewa. Si kwamba wachumba hawakuja. Walikuja, wakapewa pombe ya asali na mikate ya samaki, wakarudi kwao wameshiba na mikono mitupu.

Sababu ilijulikana. Budimir, mtawala wa Berezhets, alipokabidhiwa mji huu baada ya kaka yake mkubwa kufa, alikuta jumba la watawala limeungua. Alikaa kwa Tverdila majira mazima ya baridi akingoja mafundi seremala. Siku ya kwanza aliteleza kwenye barafu ya ua, akaanguka chali mbele ya walinzi wake, na msichana mmoja tu katika nyumba ile alithubutu kucheka. Budimir alimtazama msichana yule kutoka pale chini, na hakufanya haraka ya kuinuka. Mambo mengine yalifuata yenyewe. Mji mzima ulijua na mji mzima ulijifanya haujui, maana hiyo ndiyo adabu.

Na Efrosina alikuwa shangazi yake Budimir, aliyemlea tangu akiwa na meno mawili.

Mgeni aliketi, akafunua kikapu chake, akatoa kitambaa cheupe kilichodariziwa pembeni kwa uzi mwekundu. Alikiweka juu ya magoti ya Milonega, akakinyoosha kwa kiganja.

“Jumapili tunambatiza mtoto wa Gleb,” alisema. Gleb alikuwa mdogo wake Budimir. “Mtoto wa kwanza, wa kiume. Nimekuchagua wewe uwe mama wa ubatizo.”

“Mungu wangu!” Tverdila aliruka. “Sisi? Heshima gani hii, Mama!”

Milonega alikitazama kile kitambaa. “Na baba wa ubatizo ni nani?”

“Budimir. Nani mwingine? Ni mwana wa ndugu yake.”

Tverdila aliyekuwa ameanza kucheka alikoma katikati. Hakuwa mwepesi wa kuelewa mambo, lakini hili lilimfikia. Kwao, mwanamume na mwanamke wanaompokea mtoto mmoja kutoka kwenye maji ya ubatizo huwa ndugu mbele ya Mungu kuanzia saa ile. Huweza kusalimiana, kusaidiana na kuzikana. Kuoana hawawezi tena, hata wakiwa wageni wa damu kabisa, na hakuna askofu atakayewafungulia kifungo hicho hata akiletewa nini.

“Tverdila,” Efrosina alisema kwa upole, “hebu kawaangalie farasi wangu.”

Tverdila akaenda kuwaangalia farasi waliokuwa wakiangaliwa na watu watatu.

“Umefikiri sana, Mama,” Milonega alisema walipobaki wawili.

“Sikufikiri sana. Hili ni jambo la siku zote.” Efrosina alikunywa maji ya moto yenye asali aliyoletewa. “Nisikilize, mwanangu. Sina chuki na wewe. Una akili, na unamchekesha, jambo ambalo mimi sikuliweza. Lakini Jumamosi anakuja Zvenislava, binti wa mtawala wa Zalesno. Budimir ataoa huko, na Berezhets italala usingizi. Wewe ukiwa ndugu yake wa ubatizo, utakuwa karibu na meza yake maisha yako yote. Nani amekutupa?”

“Umenitupa kwa adabu.”

“Hata mimi nilitupwa kwa adabu. Nilipelekwa kwa mume ambaye nilimwona mara ya kwanza kanisani. Nilizoea.”

“Ulimpenda?”

“Nimekwambia nilizoea.”

Kuni zililia jikoni. Milonega alikunja pembe ya kitambaa, akaikunjua. “Na nikikataa?”

“Kataa. Hakuna atakayekushika mkono. Ila unajua watu wanavyosema juu ya anayemkataa mtoto kwenye maji. Mtoto akikohoa, ni wewe. Akianguka kwenye farasi akiwa na miaka ishirini, ni wewe. Na baba yako asahau kiti chake pale barazani, kwa sababu Gleb hatakubali kula meza moja naye.”

“Budimir anajua kuwa umenichagua mimi?”

“Anajua.”

“Akasemaje?”

Efrosina alisimama, akajifunga joho lake. Kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana kama mtu aliyechoka. “Hakusema kitu,” alijibu, na ilikuwa kweli. Lile ndilo lililomuumiza Milonega kuliko yote yaliyotangulia.

*

Jumapili asubuhi jua lilitoka, jeupe na lisilo na joto lolote. Kutoka jumba la mtawala hadi kanisani kulikuwa na ushoroba wa mbao uliojengwa juu, ili watawala wasikanyage matope pamoja na watu wengine. Milonega alimkuta Budimir humo, peke yake, anatazama mto ulioganda. Alikuwa amevaa joho jekundu lenye manyoya shingoni. Lilimpendeza, na Milonega alikasirika kwamba ameliona hilo.

“Umependeza,” Budimir alisema.

“Nimevalia msiba.”

Budimir aliugeukia mto tena.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu Alhamisi.”

“Na hukuipata njia ya kuja kwetu? Ile ile uliyokuwa unaipita mpaka mbwa wakachoka kukubwekea?”

Budimir nusura atabasamu. Tabasamu lilifika kwenye pembe ya mdomo, likarudi lilikotoka. “Gleb anangoja nikosee, Milonega. Nikikataa kumshika mwanawe, atasema simtambui. Kesho anaondoka na watu wake, na keshokutwa tunauana, mimi na mdogo wangu.”

“Sikukwambia umkatae mtoto.”

“Unataka nini basi?”

“Nataka uniambie mimi nikatae.”

Chini yao mtu alikuwa akivuta maji kwenye tundu la barafu, akiimba kwa sauti mbovu. Walimsikiliza wote wawili kwa muda mrefu kuliko wimbo ule ulivyostahili.

“Siwezi,” Budimir alisema hatimaye.

“Huwezi au hutaki?”

“Mimi nikisema neno, linakuwa amri. Nikikwambia ukatae, baba yako ameporomoka, wewe umeitwa mchawi wa watoto, na aliyekuponza ni mimi. Nikikwambia ukubali, utazeeka ukijua kwamba nilikutoa kwa mkono wangu. Ndiyo maana nimenyamaza. Nimekuachia wewe uamue.”

“Umeniachia!” Milonega alicheka, cheko kavu. “Sikia huyu. Mzigo wa watu wawili, umenitwika peke yangu, halafu unauita heshima.”

“Si hivyo.”

“Ni hivyo hivyo. Mimi nikikataa, wewe umepona, hukusema. Nikikubali, wewe umepona, hukusema. Kwa vyovyote wewe unatoka msafi kama huyo mtoto.”

Budimir alibadilika rangi. Alikuwa mtu aliyewahi kupigwa mshale begani na kuendelea kuuliza habari za farasi, lakini neno lile lilimpata. “Usinifanye mwoga.”

“Sijakufanya. Nimekukuta.”

“Milonega.”

“Nijibu swali moja. Acha utawala, acha Gleb, acha shangazi yako. Usiniambie la kufanya. Unanitaka?”

Ilikuwa kazi ya neno moja. Milonega alimtazama machoni akaliona neno lile limo, limejaa tele, halihitaji kutafutwa. Alingoja. Budimir alinyoosha mkono, akamfunga kifungo cha koo kilichokuwa wazi, polepole, vidole vyake vikiwa baridi kama chuma. Kisha akainamisha kichwa, akaenda zake kanisani.

Milonega alibaki na kifungo chake kilichofungwa. Alimpenda mtu yule kiasi cha kutaka kumtupia kiatu.

*

Kanisa lilikuwa limejaa. Mama wa mtoto hakuwepo, kwa kuwa siku zake za uzazi hazijaisha, na Gleb alikuwa nje ya mlango kama ilivyo desturi kwa baba mzazi. Wake za makabaila walisimama upande wa kushoto, wamevimba kwa manyoya, wakitazamana vilemba. Mbele yao, karibu na birika la maji ya ubatizo, alisimama msichana mrefu mwenye joho la buluu. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi wa ubani.

Milonega alipopita kwenda mahali pake, msichana yule alimwinamia.

“Wewe ndiye Milonega?”

“Ndimi.”

“Mimi Zvenislava. Njia nzima nimesikia jina lako. Hata anayeniendeshea sleji analijua.”

“Samahani.”

“Ya nini? Na mimi kuna mtu nimemwacha Zalesno.” Alivuta pumzi puani. “Hakuna anayelijua jina lake. Hata sleji hana.”

Walitazamana kidogo, wanawake wawili waliopangiwa kuchukiana na wasiopata nafasi ya kuanza. Kisha Padri Nikifor akakohoa, na ibada ikaanza.

Yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Padri aliwauliza wasimamizi kama wanamkana shetani, wakamkana. Aliwaambia wateme mate upande wa machweo, wakatema. Sauti ya Budimir ilikuwa wazi na haikutikisika, na Milonega aliisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua akiwa ndani ya nyumba. Budimir alimtoa mtoto kutoka mikononi mwa yaya, akampa padri. Mtoto alikuwa mwekundu, mwenye hasira, mzuri mno. Padri alimzamisha mara ya kwanza, mtoto akapiga kelele. Alimzamisha tena, kelele zikaongezeka, na wanawake wakatabasamu kwa sababu hiyo ni dalili ya maisha. Alipomtoa mara ya mwisho alimgeukia Milonega, maji yakichuruzika kwenye viwiko vyake.

“Pokea, mtumishi wa Mungu.”

Milonega alikuwa amekitandaza kitambaa juu ya mikono. Alikuwa hajaamua. Usiku kucha alikuwa ameamua hivi na vile, na pale penyewe akajikuta hana uamuzi hata mmoja. Alimtazama Budimir. Budimir alikuwa anamtazama mtoto.

“Siwezi, Baba Padri,” alisema.

Padri Nikifor alidhani amesikia vibaya. “Pokea, binti yangu, mtoto anapata baridi.”

“Siwezi. Mtoto huyu hana kosa, na ninamwombea maisha marefu kuliko sisi wote tuliomo humu. Lakini nikimshika nitakuwa dada wa Mtawala.” Alimwinulia padri macho. “Na mimi simpendi Mtawala kidada. Nikijifanya hivyo humu ndani, nitakuwa namdanganya Mungu nyumbani kwake.”

Hata mtoto alinyamaza ili asikie. Kisha wake za makabaila wakaanza kunong’ona wote kwa pamoja. Tverdila, huko nyuma, alifunika uso kwa kofia. Budimir alikuwa ameinua macho, na rangi yote imemtoka usoni.

Padri alibaki na mtoto hewani. Ubatizo ulikuwa umekwisha kuingia majini na haukuweza kurudi nyuma, na mtoto wa kiume wa ukoo wa watawala hawezi kutoka kwenye maji bila mikono ya kumpokea. Efrosina alipiga hatua mbele. Akasita. Alikuwa mtawa, na watawa hawaruhusiwi kumsimamia mtoto. Alikuwa amesahau kwa nukta moja kwamba nguo zake nyeusi zina bei.

“Mpokeeni mtoto!” alisema kwa ukali. “Mtu yeyote! Mmeota mizizi?”

Wake za makabaila walitazamana. Kila mmoja alimtazama mumewe kwanza, na kila mume alimtazama Mtawala, na Mtawala hakuwa anamtazama yeyote kati yao. Kupokea mtoto aliyekwisha kukataliwa si jambo la kukimbilia. Mtoto akaanza tena kulia, mdomo ukigeuka zambarau kwa baridi.

Joho la buluu likasogea. Zvenislava alikichukua kile kitambaa kutoka mikononi mwa Milonega, bila kupapatika, akamgeukia padri na kunyoosha mikono. Padri Nikifor hakuuliza yeye ni nani na katoka wapi. Alimtua mtoto pale, akasema maneno, na wanakwaya wakaitikia amina kwa nguvu kwa jinsi walivyofurahi kuwa na la kuitikia.

“Siyo wewe, mwanangu!” Efrosina alisema.

“Kwa nini, Mama?” Zvenislava alikuwa anamkausha mtoto kichwa, akimtikisa taratibu kama mtu aliyelea wadogo wengi.

“Unajua umefanya nini?”

“Kwetu Zalesno pia tunabatiza,” msichana alijibu. Hakutabasamu. Lakini machozi yalikuwa yamekauka, na alimbusu mtoto kwenye paji la uso kama anayemshukuru. “Hujambo, ndugu yangu,” alimwambia Budimir kwa heshima zote.

Efrosina alifumba macho. Alikuwa ameishi katika nyumba za watawala miaka mingi kiasi cha kujua jambo lililokwisha ni lipi. Alipoyafumbua, alishika nguzo iliyokuwa karibu naye na kusimama wima, na ukimtazama ungedhani hakuna lililotokea.

Ikabaki kuzunguka birika. Padri alitangulia na chetezo cha ubani, baba wa ubatizo akafuata na mshumaa, kisha mama wa ubatizo na mtoto. Milonega alikuwa amesimama pale pale, mikono mitupu, maana hakuna aliyemwambia aende wapi. Mzunguko wa kwanza Budimir alimpita akiwa ameinamisha kichwa. Wa pili alimtazama, na nta ya mshumaa ikamchuruzikia vidoleni bila yeye kushtuka. Wa tatu alisimama. Zvenislava nusura amgonge mgongoni.

“Ninakutaka,” Budimir alisema. Hakunong’ona. Walisikia mpaka walioko mlangoni. “Nakutaka wewe, sikuwahi kumtaka mwingine. Nilipaswa kusema asubuhi.”

Milonega alikuwa amelisubiri neno lile misimu miwili ya baridi. Sasa lilikuja, na lilikuwa tamu kuliko alivyodhani, na lilimchoma vilevile.

“Sasa hivi ni rahisi, Budimir,” alisema.

“Najua.”

“Asubuhi ndipo palipokuwa na bei. Nimelipa mimi, na baba yangu amelipa, yule pale kajifunika kofia.”

“Najua, Milonega.”

“Basi maliza kumbatiza mtoto, anapata baridi. Halafu uje kwetu, mchana, kwa miguu, watu wakuone. Mwombe radhi baba yangu kwanza. Mimi uniombe baadaye.”

“Na utanifungulia?”

“Wewe njoo.”

Padri Nikifor alikohoa. Budimir akaendelea kuzunguka, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa, na kundi lote likamfuata. Milonega alipita katikati ya manyoya yale yote, nayo yakampisha, akamshika baba yake mkono, akatoka naye mlangoni. Alipofika nje, kwenye theluji, aliichukua kofia ya baba yake, akamvika kichwani.